Mshika Suruali

Ukitaka kumchafua mtu, usiseme jambo lilitokea mwaka juzi. Sema lilitokea zamani sana. La mwaka juzi watu watadai ushahidi, watauliza nani alikuwepo na nani aliona, na yule unayemsema atakuja na mashahidi wake waliovaa makoti ya kuazima. La zamani halina hayo. Watu wanakaa juu ya mawe, wanafungua chupa zao za maji, wanakusikiliza midomo wazi.

Naijua kazi hiyo kwa sababu ndiyo inayoniweka mjini. Naongoza wageni mlimani siku nne kwa wiki. Njia yetu ina vituo sita na kila kituo kina hadithi yake, maana watu wa siku hizi hawapandi mlima wakaridhika na mlima peke yake, wanataka waambiwe nani alilia wapi na nani alikufa wapi. Kituo cha Kwanza ni Mawe ya Wakwe, majabali mawili yaliyopeana mgongo. Ni mama wa bibi harusi na mama wa bwana harusi waliogombea sindano ya kushonea, wakanuniana mpaka wakaganda. Cha Pili ni Chemchemi ya Kiziwi, ambayo haisikii ombi la mtu mpaka uirushie kokoto igeuke. Cha Tatu ni Mlango wa Nyoka, ufa mwembamba kati ya miamba miwili. Wenye matumbo huwa nawaambia kwamba nyoka hana tatizo na vitambi, hajapenda sura zao tu, kwa hiyo wapite kwa nje.

Cha Nne ni Mshika Suruali, na hiyo niliitunga mimi.

Ninavyoisimulia ni hivi. Zamani za misafara palikuwa na mwongozaji mmoja mwenye bega la kushoto lililoshuka, mtu wa maneno mengi, na kila baada ya maneno matatu husema "tuko pamoja". Siku moja ya ukungu mwenzake alivunjika mguu hapa hapa, kwenye jabali hili bapa, ukingoni mwa korongo. Mwongozaji akavua mkanda wake, akamfunga mwenzake mguu, akamwambia, "Nashuka kuita watu, tuko pamoja." Akashuka. Akafika kwake, akala, akanyoosha miguu. Mwenzake akafa akimngoja. Basi mlima ukakasirika, ukasema, kwa kuwa mkanda wako umebaki kwangu, na wewe ni wangu. Tangu siku hiyo anakimbia kuuzunguka mlima bila kupumzika, mkono mmoja umeshika suruali isianguke, mwingine unapapasa ukungu. Ukisikia hatua nyuma yako, ni yeye. Atakuomba mkanda. Usimpe.

Hapo huwa nasimama na kuwaonyesha anavyokimbia. Nashusha bega la kushoto, nakamata kiuno, natoa ulimi kidogo, nazunguka jabali mara mbili. Wageni wanavunjika mbavu. Mara moja moja anatokea mjuaji anayeuliza kama watu wa zamani hizo walivaa suruali. Namjibu kwamba huyu alivaa, na ndiyo shida yake.

Sasa niseme ukweli wake. Mwenye mguu uliovunjika alikuwa mdogo wangu, wa mwisho kwa mama yetu. Mwenye mkanda alikuwa Kamanda.

Kamanda alikuwa mwongozaji mkuu wa njia yetu, na jina hilo alijipa mwenyewe kabla hatujampa sisi. Mdogo wangu alikuwa mwongozaji wa nyuma. Ndivyo tunavyofanya kazi mpaka leo: mmoja anatangulia, mmoja anafunga msafara na kipenga shingoni, na wageni wako katikati. Miaka kumi na mmoja iliyopita, siku ambayo njia ilikuwa imefungwa kuanzia Mlango wa Nyoka kwa sababu ya mawe kulegea, mdogo wangu hakurudi nyumbani. Asubuhi mimi na Mama tulikwenda ofisini. Kamanda alikuwa pale, amekunywa chai yake. Alituambia kwamba jana walishuka wote salama, halafu mdogo wangu akarudi juu peke yake, amelewa, ameshika chupa. Wageni wenyewe walikuwa wameshaondoka na gari la alfajiri, na hata wangekuwepo, walichokuwa wanakijua ni kwamba kwenye ukungu mwongozaji wa nyuma "anakuja".

Alipatikana siku ya pili. Mguu wake wa kulia ulikuwa umefungwa vijiti viwili na mkanda wa ngozi wenye tundu moja la ziada, lililotobolewa kwa msumari. Mkanda huo kila mtu aliujua. Na kiunoni mdogo wangu alikuwa na mkanda wake mwenyewe. Niliwauliza watu wa uchunguzi, mlevi gani anapanda mlima na mikanda miwili? Walisema pengine aliazima. Kamanda akasema ndiyo, alimwazima wiki ile. Wakaandika kwamba marehemu alipanda njia iliyofungwa akiwa amelewa, wakagonga muhuri, wakaenda kula.

Mama aliomba nakala ya karatasi ile. Mimi nilifikiri ataichana, lakini aliikunja, akaiweka kwenye mkebe wa vifungo, chini ya cherehani yake. Kila akitafuta kifungo anaikuta. Alisema hataitoa mpaka ije nyingine ya kuifuta, na alinitazama mimi aliposema hivyo, kwa kuwa nilikuwa nimebaki peke yangu.

Mwaka uliofuata mlinzi wa getini alistaafu. Nilipokwenda kumuaga alifunga mlango, akaniambia kwamba jioni ile Kamanda alipita getini na wageni wake, ameshika suruali kwa mkono. Mlinzi alimtania, akamuuliza kama mkanda umeliwa na mbuzi. Kamanda hakucheka. "Nilitaka kusema kwenye uchunguzi, mwanangu," mlinzi alisema, "lakini nilikuwa nimebakiza miezi saba nistaafu." Nikamwambia nimemwelewa. Sikumwelewa hata kidogo, ila nilichokuwa nakihitaji nilikuwa nimekipata.

Nikaacha kuuza kwenye duka la watu, nikasomea uongozaji. Nikafaulu, tena vizuri, maana mtu mwenye kisirani hasinzii darasani. Wakati huo Kituo cha Nne hakikuwa na hadithi. Watu walikuwa wanapumzika tu na kupiga picha korongo. Ofisi ilitaka kila kituo kiwe na ya kwake, na utaratibu wetu ni mmoja: unaipeleka hadithi kwa Meneja, anaisoma, akiikubali inaandikwa kwenye daftari la hadithi, na ikishaandikwa haibadilishwi. Waongozaji wote wanaisimulia hivyo hivyo, kwa sababu wageni wanakuja na kijitabu mkononi na wakisikia tofauti wanalalamika. Nilimpelekea Meneja hadithi yangu nikamwambia niliipata kwa bibi yangu. Bibi yangu mzaa mama alikuwa muuza mkaa, na mlimani hajawahi kukanyaga. Meneja alicheka mpaka akavua miwani.

Hiyo ilikuwa miaka tisa iliyopita. Baada ya mwaka mmoja Mshika Suruali aliingia kwenye kijitabu. Baada ya miwili wakachora ubao mkubwa, wakauweka pale getini: mtu mwenye bega lililoshuka anakimbia kwenye ukungu, suruali imefika magotini. Mchoraji aliniomba nimweleze sura, nikamweleza mpaka ndevu. Watoto wakaanza kucheza mchezo wa Mshika Suruali barabarani. Na watu wa mji wetu si wajinga. Hakuna aliyesema jina, ila wote waliujua ule mwendo.

Kamanda alikuwa ameshaacha uongozaji. Alifungua karakana ya milango na fremu za madirisha kwenye barabara ya kwenda sokoni. Nilikuwa na njia fupi ya kwenda sokoni nikaiacha, nikawa napita kwake. Napita polepole. Nilimwona anavyoanza kuvaa mikanda miwili, halafu akahamia kwenye ovaroli la kuvaliwa mabegani. Nilimwona mteja anakuja kupima mlango, anamtazama kiuno, anang'ata midomo asicheke. Siku kama hizo roho yangu ilisuuzika, na nilirudi nyumbani naimba. Shikamoo yake nilimnyima miaka yote hiyo, ingawa amenizidi umri kwa mbali, na yeye hakuwahi kuidai.

Mtanisema nina roho mbaya. Ninayo. Sikuzaliwa nayo, lakini nimeitunza vizuri.

Basi mwaka huu, mwezi wa pili, akaja nyumbani kwangu. Ilikuwa saa kumi jioni, niko uani nasugua buti. Alisimama mlangoni, kofia mkononi. Amekonda.

"Hodi, mdogo wangu."

"Mdogo wako nani?"

"Nimekuja kukuomba."

Sikumpa kiti. Akaniambia habari ya msiba wake, ambao nilikuwa nimeusikia. Mkewe alikuwa amefariki wiki tatu nyuma. Kaburini, alipoinama kuchukua udongo, alishika kiuno kwa mkono mwingine, kama anavyofanya mzee yeyote mwenye mgongo mbovu. Nyuma yake mtu akacheka. Mmoja akacheka, halafu wa pili, halafu kicheko kikapita safu nzima, watu wamejiziba midomo kwa vitambaa vya kulilia.

"Kwenye kaburi la mke wangu," alisema. "Na mjukuu wangu ameniuliza, babu, ni wewe? Nimwambie nini? Ifute ile hadithi. Mimi nimebakiza siku chache tu. Nakuomba."

Nilipangusa buti la kushoto, nikalichukua la kulia. Moyoni mlikuwa na sherehe.

"Nitaifuta," nilisema. "Ila utapanda na mimi. Mpaka Kituo cha Nne, mbele ya wageni. Utasema ulichofanya, neno kwa neno, na utasema mdogo wangu hakuwa mlevi. Meneja atakuwepo, ataandika. Ukimaliza, nitaifuta."

Akagusa goti lake. "Goti langu halipandi tena."

"Litapanda."

Nami nilijua, nilipokuwa nasema hivyo, kwamba hadithi ikishaingia kwenye daftari haitoki. Nilijua vizuri kabisa. Nilimpa ahadi isiyokuwa na kitu ndani, na nikalala usingizi mzuri.

Nilichagua Jumamosi yenye kundi kubwa: walimu ishirini na wawili wa shule moja ya mbali, wakiongozwa na mwalimu mkuu wao, mama mnene mchangamfu aliyekisoma kijitabu chetu chote garini na kukipigia mistari. Meneja naye alikuja, amevaa viatu vya ofisini. Nilikuwa nimemwambia kwamba kuna mzee ana jambo la kusema kuhusu ile ripoti ya zamani, na kwamba nataka aisikie kwa masikio yake ili iandikwe upya. Alikubali kwa sababu ananiheshimu, na kwa sababu daktari alikuwa amemwambia atembee.

Kamanda alifika na fimbo. Walimu walidhani ni mgeni mwenzao, wakamwita baba, wakataka kumbebea begi. Nikawaambia mzee ana nguvu zake, msimsumbue.

Nilitangulia, na sikwenda polepole. Kwenye Mawe ya Wakwe nilisimulia kwa ufupi nikasonga. Kwenye Chemchemi ya Kiziwi walimu walirusha kokoto na kuomba uhamisho, karibu wote waliomba uhamisho, na Kamanda alikaa akajaribu kupata pumzi. Alipofungua tu chupa yake, nikasema twende. Kwenye Mlango wa Nyoka mwalimu mkuu aliniambia, "Mimi na nyoka huyu hatutaelewana," akapita kwa nje akicheka, na Kamanda akapita ndani ya ufa, kwa ubavu, shati linakwaruza mwamba. Pale ndipo njia ilipokuwa imefungwa siku ile. Aligusa mwamba kwa kiganja. Nilimwona, nikafurahi.

Tulifika Kituo cha Nne saa tano kasoro. Hapakuwa na ukungu. Jua lilikuwa linawaka na korongo lote lilionekana mpaka chini. Walimu walikaa, wakafungua vijitabu ukurasa wa tisa.

"Leo sitasimulia mimi," niliwaambia. "Atasimulia huyu mzee. Msikilizeni mpaka mwisho."

Kamanda alisimama katikati ya jabali. Alivua kofia. Nilidhani atazungukazunguka, atatia maji kwenye maneno yake, maana alikuwa bingwa wa hilo. Hakufanya hivyo.

"Nilikuwa mwongozaji mkuu wa njia hii," alisema. "Siku hiyo ilikuwa imefungwa kuanzia pale kwenye ufa. Wageni walinibembeleza, nikawapitisha bila kuandika kwenye daftari la getini. Kijana wangu wa nyuma alinikataza. Alisema mawe yamelegea. Nikamwambia kama anaogopa, ashuke. Hakushuka. Aliteleza pale, mnapoona jiwe lenye kuvu. Mguu ulivunjika, niliusikia. Wageni walikuwa mbele kwenye ukungu, hawakuona. Nikamfunga kwa mkanda wangu. Akaniambia, wapeleke kwanza hawa, mimi nitakungoja, niletee machela. Nikamwambia tuko pamoja."

Meneja alikuwa na kalamu mkononi lakini haandiki.

"Getini mlinzi aliniuliza, mmeshuka wote? Nikasema wote. Ningesema hapana, wangeuliza tulikuwa wapi, na leseni yangu ingekwisha. Nikajiambia nitapanda mwenyewe kukipambazuka. Mvua ikanyesha, sikupanda. Asubuhi, nikiwa nafunga viatu, nilisikia kipenga. Mara mbili. Nilikisikia kutoka nyumbani kwangu. Nikaenda ofisini badala ya kupanda, kuona kama kuna mwingine amekisikia. Hakuna aliyekisikia. Mama yake na dada yake walipofika, nikasema amerudi juu amelewa. Hakuwa mlevi. Nilifanya naye kazi miaka minne, sikuwahi kumwona na chupa. Nilimwacha akiwa hai, na asubuhi ile alikuwa bado hai."

Habari ya kipenga sikuwa naijua. Miaka kumi na mmoja nilikuwa nimejipa moyo kwamba alikufa mapema, kwamba baridi ilimchukua haraka. Kumbe wakati mimi na Mama tumesimama ofisini, Mama ameshika ncha ya kitambaa chake, yeye alikuwa huku anapuliza. Ukingo wa korongo ulikuwa hatua tano kutoka miguuni mwa Kamanda. Nilizihesabu. Nilizihesabu tena, na nilikuwa nimeshapiga hatua moja kumwelekea nilipomsikia mwalimu mkuu.

"Kwa hiyo baba," alisema, amejishika kifua kwa mshangao, "ni wewe? Wewe ndiye Mshika Suruali?"

Kamanda alinitazama.

"Jamani, yupo kweli," mwalimu mmoja akasema. Mwingine, aliyejitambulisha asubuhi kwamba anafundisha historia, alisimama akaanza kuwaeleza wenzake kwamba yeye daima amesema hadithi hizi zina chanzo. Simu zikatoka mifukoni. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamesafiri saa sita kuja kuona vitu vya kwenye kijitabu, na hapa kimoja kimesimama mbele yao, kinapumua na kina bega lililoshuka.

"Samahani baba," mwalimu mkuu akasema kwa upole, kwa heshima zote, "ungeshika suruali kidogo tu? Tupige moja."

Kamanda alinitazama tena. Safari hii nilielewa alikuwa anangoja nini. Alikuwa ametimiza sehemu yake, na sasa alikuwa anangoja niseme inatosha. Ilikuwa ni neno moja tu. Na mimi nikaukunja mdomo, nikamtazama macho makavu, nikalibana neno langu kama yeye alivyolibana la kwake getini.

Akashika suruali. Akaishika kwa mkono wa kulia, palepale ambapo mimi huwa naishika, na walimu wakapanga foleni. Walipiga naye mmoja mmoja, halafu wote pamoja, halafu wanawake peke yao. Mmoja alimwomba atoe ulimi kidogo kama kwenye ubao. Akautoa. Machozi yalikuwa yanamshuka hadi kwenye ndevu na mtu akasema ni jua.

Sitasema uongo. Ilikuwa tamu. Kwa muda wa picha sita au saba ilikuwa tamu kuliko kitu chochote nilichowahi kuonja, na nilitamani Mama angekuwa na miguu ya kupanda aje aone. Halafu utamu ukaanza kunikauka mdomoni, na mwanzoni sikujua kwa nini. Nilikuwa nangoja kitu. Nilikuwa nangoja mtu aulize. Watu ishirini na wawili, walimu, kazi yao ni kuuliza maswali, na hakuna aliyeuliza aliyeachwa alikuwa nani.

"Yule aliyeachwa," nikasema kwa sauti, "alikuwa mdogo wangu."

Wakageuka. "Oo, pole sana, dada," mwalimu mkuu akasema, na niliona kabisa kwamba ni pole ya kweli. Akafungua kijitabu chake ukurasa wa tisa, akapitisha kidole kwenye mistari, akatafuta, akapindua, akarudi. "Hapa wameandika 'mwenzake' tu," alisema. "Wangemweka na yeye, ingependeza."

Ni mimi niliyeandika. Kila neno la ukurasa ule ni langu. Kamanda nilimpa bega, nikampa mwendo, nikampa ulimi na ndevu na usemi wake. Mdogo wangu nilimpa neno moja, na lenyewe halimhusu yeye, linamhusu Kamanda.

Tuliposhuka, Meneja alinisogelea akichechemea na viatu vyake. Alisema ameguswa sana. Kuhusu ripoti, alisema ilishafungwa na walioiandika wamestaafu, ila atajaribu kuambatanisha maelezo. Kuhusu hadithi, nilimwomba aifute, nilimwomba kweli kweli, na yeye akaniangalia kama nimepigwa na jua. "Shangazi, ile si yako tena," alisema. "Ile ni ya njia. Na nilikuwa nafikiria, mzee akikubali, awe anapanda kila Jumamosi. Tutamtafutia mtu wa kumshika mkono." Kamanda alikuwa mbele yetu, walimu wawili wamemkamata huku na huku, na alikuwa amesikia. Hakugeuka.

Nilifika nyumbani saa kumi na moja. Mama alikuwa ameketi kwenye cherehani, miwani puani, anatia uzi. Alikuwa anajua kila kitu kuhusu siku hiyo; wiki nzima alikuwa amehesabu. Nilivua buti nikakaa kwenye kitanda chake.

"Amesema?"

"Amesema, Mama. Mbele ya watu wote. Amesema hakuwa mlevi, amesema alimwacha." Ya kipenga sikumwambia, na sitamwambia.

Akashusha pumzi. Mikono ilibaki juu ya kitambaa. "Na watu walisema nini?"

"Walishangaa."

"Walisema nini kuhusu mwanangu?"

Ningeweza kutunga. Ndiyo kazi yangu. Lakini nilikuwa nimechoka. "Hawakusema kitu, Mama. Walipiga picha na Kamanda."

Mama alivua miwani. Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama nikiwa mdogo, nimevunja kitu, bado hajaamua adhabu.

"Miaka tisa," alisema, "siku nne kwa wiki, unapanda kule kumsimulia mwanamume yule. Nakusikia hata hapa ndani, usiku unafanya mazoezi ya 'tuko pamoja' yake. Mwanangu mimi umemsimulia nani?"

Nikaanza kuvua soksi.

"Wanajua alikuwa anaogopa kuku?"

"Nini?"

"Kuku. Mtu mzima, mwongozaji wa mlima, akikuta kuku kwenye njia anazunguka nyuma ya nyumba. Kila siku ulikuwa unamtangulia mpaka barabarani kumfukuzia. Wewe mwenyewe, na fagio." Aliningoja. Nilitafuta kichwani. Nilimpata Kamanda anafunga viatu, Kamanda anavuta kiti, Kamanda anacheka na wateja. Kuku sikuwaona, wala fagio, wala mdogo wangu nyuma yangu.

Mama akavaa miwani yake, akainamia uzi.

"Umesahau," alisema.